Hatua Thelathini Nyuma ya Mama Mkwe

Jumatatu, 5 Julai 1954

«Hakuna mzee mweusi katika mji huu awezaye kuonyesha kwa kidole mahali alipoanzia. Sote ni wapita njia. Kwa hiyo wajane wasio na kazi wala mume warudishwe vijijini, tena warudishwe kwa wema.»

Hayo ni maneno ya Macho-Mawili katika gazeti la Jumamosi. Nimeyasoma mara tatu mbele ya kioo, povu la sabuni likinikaukia shavuni. Nimejikata chini ya sikio.

Uongo. Na si uongo wa mjinga. Anayejificha nyuma ya jina hilo ni mwalimu wa shule, mwenye Kifaransa safi kuliko changu, tena ni mmoja wa washauri watatu wa mtaa. Kila mtu anajua na kila mtu anajifanya hajui. Nimepigana naye gazetini miaka sita: mahari, bia, ngoma za Jumapili. Nimemshinda mara nyingi. Yeye husema sivyo.

Safari hii sipigani kwa raha. Mama mkwe wangu, mama yake marehemu Monika, ni mjane asiye na kazi. Kibali chake cha kukaa mjini kinakwisha mwezi huu. Washauri watasikiliza shauri lake Jumanne ya tarehe 20. Madaftari ya ofisi yanaanza pale mtaa ulipohamishiwa huku. Ya mtaa wa kwanza, ule uliobomolewa, hayapo. Kwa hiyo kwao mama huyu naye hakuwapo. Wanataka aonyeshe alikokaa kabla. Asipoonyesha, atapandishwa treni ya kaskazini. Kijijini kwake hakuna aliyebaki anayemjua sura.

Ingekuwa rahisi kumwuliza mwenyewe. Lakini ni mkwe. Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, hali mbele yake, hatembei naye bega kwa bega. Wakikutana njiani, mwanaume anaingia majanini mpaka mama apite. Tunasemeshana kupitia Odila, binti yangu, ambaye bibi yake humwita kambo. Odila amemwuliza. Jibu lilikuja hivi, kwa Kiswahili cha mtaani kwetu ambamo njo ni ndiyo: «Majina ya ma-avenue sijue. Miguu yangu njo inajua.»

Basi nitatumia yangu. Likizo imeanza leo, wiki tatu. Nitautembea mji huu polepole, peke yangu, mpaka nipate mahali pale. Kisha nitamvua Macho-Mawili nguo mbele ya wasomaji wake.

Jumanne, 6 Julai

Baridi kali. Nimetoka saa kumi na mbili na nusu. Wanawake walikuwa wanapuliza makaa mbele ya milango, moshi umelala chini kama blanketi. Nimeuvuka uwanja mtupu unaotenga mitaa yetu na mji wa Wazungu. Nimeuvuka maelfu ya mara kwenda ofisini. Leo ndiyo mara ya kwanza kuona kwamba una vichuguu viwili na njia saba.

Ajabu kutembea bila kwenda mahali. Miguu inakimbilia ofisi yenyewe. Nimelazimika kuishika kama mtu anavyomshika mbuzi.

Mjini nimetazama matofali. Kanisa kubwa, nyumba za zamani zenye baraza, ukuta wa karakana ya reli. Udongo wake umetoka kwenye vichuguu. Nani alivivunja, nani aliyafyatua, nani aliyachoma? Wapita njia, bila shaka.

Karibu na duka la saa, askari alinisimamisha.

«Unaenda wapi, papa?»

«Natembea.»

«Unatembea wapi?»

«Natembea tu.»

«Tu? Hakuna avenue yenye kuitwa Tu.»

Nilimwambia Posta. Akafurahi, akaniacha. Mzungu mmoja alikuwa anapita wakati ule ule, mikono nyuma, akitazama miti. Naye alikuwa anakwenda Tu. Hakuulizwa.

Nimerudi na hasira ambayo haijapata njia ya kutokea. Mtaa wa kwanza sijauona.

Jumatano, 7 Julai

Malengelenge. Kidole kidogo, mguu wa kushoto. Nimetembea hata hivyo, upande wa mto. Hakuna kitu. Ng'ambo, ule mlima mweusi wa taka za shaba na bomba lake la moshi. Popote unaposimama katika mji huu bomba lile linakutazama.

Ijumaa, 9 Julai

Nyuma ya stesheni kuna mzee anayepiga pasi nguo za hoteli. Pasi ya makaa, mikono yenye makovu. Nilisikia alikuwako zamani zile. Nilimwuliza mtaa wa kwanza ulikuwa wapi.

Alielekeza pasi kusini. «Kule. Kulikuwa kichuguu kikubwa, banamuke banatwanga pale chini yake.»

«Kichuguu hicho cha wanawake kutwangia kiko wapi sasa?»

«Weye karani, macho haina? Kiko mu ukuta ya stesheni. Kilikwisha kuwa matofali.»

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikwenda kusini. Mama muuza mahindi akaniambia si kusini, ni huku karibu na bohari. Mlinzi wa bohari akasema hapa pamekuwa pori siku zote mpaka Wazungu walipojenga. Watu watatu, mahali patatu. Nilikaa juu ya jiwe nikala muhogo mkavu, nikawaza kwamba labda Macho-Mawili amesema kweli. Wazo hilo liliniuma kuliko kidole.

Siku kumi na moja zimebaki.

Jumapili, 11 Julai

Aibu. Niiandike hapa, kwa kuwa nje inajulikana tayari.

Baada ya misa nilikuwa narudi kwa njia ya kisimani, nikipanga kichwani sentensi ya kumchana Macho-Mawili. Nilipoinua uso, mama mkwe huyo, hatua tano mbele yangu, na mwavuli wake mweusi. Sikufikiri. Niliruka kando. Kando hakukuwa na majani. Kulikuwa na mfereji.

Maji mpaka magotini, suruali ya Jumapili. Nilisimama mle nikimpa mgongo, kama inavyotakiwa, mpaka hatua zake zikapita. Hazikuharakisha.

Wanawake wa kisimani waliona yote.

«Mama weee! Karani wa gazeti iko mu mufereji!»

«Si weye uliandika ukwe njo giza? Sasa unakimbia nini muchana hivi?»

Ni kweli niliandika. Miaka minane iliyopita, safu mbili nzima, dhidi ya desturi ya kuogopana na wakwe. Niliandika vizuri. Nikiisoma leo bado nakubaliana nayo, neno kwa neno. Miguu yangu peke yake ndiyo haikuisoma.

Monika angecheka wiki nzima.

Jumatatu, 12 Julai

Nimeanza upande wa bohari. Mbele yangu, mbali kidogo, mwavuli mweusi. Mama mkwe. Nikageuka kushoto haraka, nikapita nyuma ya karakana. Nilipotokea upande wa pili, mwavuli ule ule, umesimama pembeni ya barabara. Nikarudi nilikotoka. Nikazunguka kwa njia ya reli. Nikakaa nusu saa nyuma ya mabehewa ili amalize safari yake.

Nilipotoka alikuwa bado yupo.

Siku imepotea.

Jumanne, 13 Julai

Tena! Kila ninapofika upande ule, mwavuli. Nimekimbia mara nne. Mara ya nne niliukimbia mwavuli wa mama mwingine kabisa, mwuza samaki, aliyeniuliza kwa sauti kubwa kama yeye ananuka.

Anataka nini? Labda ana hofu ya kupandishwa treni, ananifuata ili nione ninavyochelewa. Labda ananiaibisha kwa makusudi, malipo ya ile makala. Nimemkasirikia mwanamke mzee aliyenilelea mke. Hilo nimeliandika ili nilione lilivyo.

Siku saba zimebaki.

Jumatano, 14 Julai

Odila amekuja asubuhi, bila hodi, mikono kiunoni. Ana sauti ya mama yake anapokasirika.

«Papa, weye namna gani? Kambo anakungojea siku mbili! Anatembea mbele yako akuonyeshe njia, na weye unakimbia sawa vile mwizi wa kuku!»

Niliweka kijiko chini.

«Anasema hivi: mukwe hawezi kutembea pembeni yangu. Lakini nani alimukataza kutembea nyuma?»

Nani? Hakuna. Mtu aliyesoma vitabu vyote alivyoweza kuazima katika mji huu, anayejua sheria za Warumi, alidhani mama mkwe aliye mbele yako ni wa kukimbiwa tu. Hakufikiri kwamba anaweza kufuatwa.

Nimemwambia Odila ampelekee ujumbe. Kesho, saa moja asubuhi, kisimani. Hatua thelathini.

«Arobaini,» alisema Odila, «kwa sababu ya mufereji.»

Tumepatana thelathini.

Alhamisi, 15 Julai

Niandike polepole.

Alikuwa pale kabla yangu. Kitenge cha bluu, mwavuli umefungwa, anautumia kama fimbo. Begani kikapu. Hakugeuka. Aliposikia viatu vyangu alianza kwenda.

Anatembea taratibu sana. Mwanzoni nilikuwa namfikia, nikawa nasimama, nasubiri. Halafu mwendo wake ukaingia katika miguu yangu. Sijapata kutembea hivi maishani. Kila siku nimetembea mbele ya watu. Mbele ya Monika pia, daima, nikisema, na yeye nyuma akibeba.

Hakusema neno njia yote. Alikuwa anasema kwa mwavuli. Alipofika mahali alisimama, akagonga ardhi mara moja, akaendelea. Mimi nikifika pale nilisimama, nikatazama. Mahali pa kwanza, karibu na reli: palikuwa na kisiki cha mti na tope la bomba lililovunjika. Kumbe bomba. Pale ndipo walipokuwa wanateka maji, nadhani. Mahali pa pili, njia panda ya kawaida kabisa. Pale aligonga mara mbili, na mabega yake yakatikisika. Alikuwa anacheka. Nimetuma swali kwa Odila jioni hii. Jibu: pale ndipo mumewe alipoanguka na baiskeli ya kwanza ya mtaa ule, mbele ya kila mtu, siku ya Pasaka.

Askari alimsimamisha karibu na bohari. Niliona mikono ya mama inaonyesha mbele, kisha nyuma, kwangu. Askari alinitazama, akamtazama tena, akasogea pembeni kabisa, kwa heshima. Naye ana mama mkwe, hapana shaka.

Baada ya bohari kuna kipande cha ardhi kisichojengwa. Nyasi kavu, kiunoni. Nilipita pale Ijumaa. Nilikula muhogo hatua ishirini kutoka pale!

Aliingia nyasini bila kusita, kama mtu anavyoingia nyumbani kwake gizani akijua kiti kiko wapi. Alisimama. Alikanyaga kwa kisigino, hapa, hapa, hapa. Kisigino cha nne kilimridhisha. Alitoa chupa kikapuni, munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, akamimina kidogo chini. Chupa akaiacha pale, imebaki nusu. Kisha akatoka kwa upande mwingine, akavuka barabara, akanipa mgongo, akafungua mwavuli ingawa jua halikuwa kali. Alikuwa ananipa nafasi.

Niliingia. Niliona nyasi. Nilijua ni nini, Odila alikwisha kuniambia njiani kwenda kisimani. Kwa mama huyu na mama yake kabla yake, kitovu cha mtoto huzikwa kando ya mafiga, na mafiga hayo hayahamishwi tena, hata nyumba ikivunjwa. Monika alizaliwa hapa.

Nilimimina iliyobaki.

Jumapili moja, miaka kadhaa imepita, Monika aliniambia: «Baba Odila, twende nikuonyeshe kwetu.» Nilikuwa namjibu Macho-Mawili juu ya bia. Nilisema wiki ijayo. Wiki ilipofika aliomba tena; nilikuwa bado namjibu. Hakuomba mara ya tatu.

Nimelia. Kwa sauti, katika nyasi, mtu mzima mwenye miwani. Ng'ambo ya barabara mwavuli haukugeuka.

Jumamosi, 17 Julai

Mwalimu amekuja nyumbani. Macho-Mawili mwenyewe, kofia mkononi. Sijui alitaka nini. Nadhani naye hakujua.

«Nasikia unatembea sana, karani.»

«Na wewe unaandika sana, mwalimu.»

Hakukaa. Alitazama rafu yangu ya vitabu, akatazama viatu vyangu vilivyopasuka. Halafu akasema, kama mtu anayesoma tangazo: «Mama yangu nilimpeleka kijijini mwaka jana. Mimi mwenyewe nilimsindikiza mpaka treni.»

«Hajambo?»

«Alikufa mvua zilipoanza. Hapakuwa na mtu wa kumchotea maji.»

Nikamsogezea kiti.

«Nikiandika kwamba nilikosea,» alisema, «nitafundishaje watoto kesho yake?»

Nilikuwa na majibu matatu mazuri, tayari, yenye meno. Miaka sita nimeyangoja. Sikutumia hata moja. Nilimwambia kitu kimoja tu: Jumanne msikae mezani. Tembeeni. Mama atatangulia.

Alivaa kofia akaondoka.

Namwonea huruma na inaniudhi.

Jumatatu, 19 Julai

Sina habari. Odila anasema kambo amefua kitenge cha bluu. Mimi siwezi kula. Je, wakikataa kutembea? Nyasi haziwezi kuletwa mezani.

Jumanne, 20 Julai

Wametembea.

Mama mbele na mwavuli. Nyuma yake washauri watatu kwa viatu vya ofisini, mmoja mnene akihema. Nyuma yao Odila na jembe. Nyuma ya wote, hatua thelathini, mimi. Watu walitoka milangoni wakadhani ni mazishi. Mmoja aliuliza maiti iko wapi, na mshauri mnene akamjibu: «Subiri, njo ninaelekea kuwa.»

Nyasini nilibaki mbali, sikusikia kila neno. Hili nililisikia, maana lilisemwa kwa sauti ya kutwangia:

Mshauri: «Mama, una hakika ni hapa?»

Mama mkwe: «Nilizalia hapa. Unataka nizale tena, njo uone?»

Walicheka wote isipokuwa mwalimu. Mama akamwonyesha Odila: chimba. Odila alichimba. Udongo mwekundu, mwekundu, halafu mweusi. Majivu. Shubiri moja chini, mafiga matatu ya udongo wa kichuguu, yameungua mpaka yamekuwa mawe, yamekaa kama yalivyowekwa. Mume wa mama alitaka kuyang'oa siku ya kubomoa mtaa. Mama alimkataza.

Mshauri mnene alipiga magoti ayaguse. Mwalimu alivua kofia. Alisimama hivyo, kichwa wazi, muda mrefu kuliko wengine, mpaka mama mwenyewe akamtazama, akamwambia kitu kwa sauti ndogo ambayo haikunifikia. Kisha mwalimu alichukua jembe kutoka kwa Odila akafukia. Hakukubali mtu amsaidie.

Saa kumi jibu limetoka. Kibali kimetolewa. Mwaka mmoja.

Nilitaka kupiga kelele. Mwaka mmoja! Alikuwa hapa kabla ya meza yao, kabla ya muhuri wao. Odila akanishika mkono. Kambo, amesema, yuko nyumbani anacheka.

Jumapili, 25 Julai

Kimya leo. Upepo kidogo.

Odila ameleta sahani iliyofunikwa: bukari, ule ugali wetu, na kalembula, majani ya viazi. Kambo amepika. Nimekula peke yangu, uso kwa ukuta, kama inavyotakiwa. Sijui kama nitaandika tena dhidi ya desturi hiyo. Labda. Si mwaka huu.

Nimemwuliza Odila mama alimwambia nini mwalimu siku ile. Alimwuliza: «Mama yako alikuzalia wapi?» Mwalimu hakujua.

Asubuhi nilikwenda mpaka nyasini, polepole. Askari yule wa duka la saa aliniuliza naenda wapi. Nilimwambia kwa mke wangu. Akanipisha.

Kesho kazini. Makala iko mezani. Nimefuta yote niliyoandika juu ya Macho-Mawili, kurasa nne, na zilikuwa kurasa nzuri. Imebaki sehemu ya mwisho. Naiandika hapa kwanza, nione kama inasimama:

Ninyi makarani, walimu na mafundi wa mji huu mnaosoma ukurasa huu wa Kiswahili kila Jumamosi, msinijibu wiki hii. Wekeni kalamu chini. Jumapili nendeni kwa mama aliyewazaa, au kwa mama wa wake zenu, yeyote aliye hai. Mwombeni atangulie. Kaeni nyuma yake, hatua thelathini zinatosha, na mwende mwendo wake. Akisimama, simameni. Akigonga ardhi, tazameni pale. Fanyeni hivyo kabla kibali chake hakijakwisha.